Nshamaliza LLB, kutoka hapa mpaka niwe wakili kamili kuna hatua gani? Niko Mombasa

BintiWaLikoni

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Naombeni msaada wa mtu anayeijua hii njia vizuri maana nimeuliza watu wengi na kila mmoja anipa jibu lake. Nimemaliza digrii ya sheria, matokeo yote yashatoka, nangoja mahafali tu. Sa nyumbani nshaanza kuitwa wakili. Jirani akikorofishana na mwenye nyumba aletwa kwangu, mtoto wa mtu akishikwa na polisi mie napigiwa simu saa tano usiku, na wiki hii ami yangu kaja na jambo zito zaidi, ana kiploti chake huko Mtwapa ataka kuuza na aniambia nimuandikie makubaliano nimpigie na muhuri, kwani mie nilisomea nini miaka yote hiyo. Nimemwambia ami mie sijawa wakili bado, haelewi, aona namnyima tu.

Maswali yangu ni haya. Nimeskia Kenya School of Law kule Karen, Nairobi, huangalia mpaka matokeo ya fomu foo, mie KCSE nilipata C+ na Kiingereza nikapata B-, ila Kiswahili nina A-. Kuna mtu kanambia kwa hiyo B- ya Kiingereza nisijisumbue hata kujaza fomu, na tangu aniambie hivo sina raha. Pili huo mtihani wenyewe ukoje mbona watu wengi waufeli na walikuwa wakali chuoni. Tatu pupileji, ile ya kujifunza kazi ofisini kwa wakili, naweza kufanya hapa Mombasa ama lazima nibaki Nairobi, mamangu hayuko vizuri kiafya na mie ndo niko naye. Na la ami, je nikimwandikia halafu nisiweke jina langu kuna ubaya?

TumetokaKaren

Dada hongera sana kwanza. Huyo aliyekwambia ujiondoe kwa sababu ya B- ya Kiingereza hajaisoma sheria, kaskia tu mahali. Sheria ya Kenya School of Law ya 2012, kule nyuma kwenye jedwali la pili, yasema gredi ya jumla C+ na B ya Kiingereza AU ya Kiswahili. Hiyo "au" ndo yako wewe. A- ya Kiswahili yatosha kabisa, na mie nalisema hili kwa sauti kwa sababu nimeona watoto wa huku pwani wanavunjwa moyo na watu wanaodhani Kiswahili ni somo la kujaza nafasi tu. Bunge lenyewe limeandika Kiswahili kwenye sheria ya kuingia uwakili kwa uzito ule ule wa Kiingereza. Jaza fomu dada.

Ila jua kwamba hicho kifungu cha kuingia kimepelekwa kortini mara nyingi, zaidi na wale walioanzia cheti wakapanda diploma mpaka digrii wakiwa hawana C+ ya sekondari. Wewe hayo hayakuhusu, umeingia chuo moja kwa moja na gredi zako ziko. Nayasema ili mwengine akisoma hapa na amepitia njia ya diploma asichukue jibu langu kuwa ni lake pia, aende aulize kwa kesi yake kabla hajatoa hata shilingi.

Kuhusu mtihani. Watu huchanganya, Kenya School of Law yafundisha lakini anayetunga na kusahihisha mtihani ni Council of Legal Education, wale CLE. Pepa ni tisa: kesi za madai, kesi za jinai, mirathi, uandishi wa kisheria, utetezi kortini, maadili ya uwakili, uendeshaji wa ofisi, ardhi yaani konveyansi, na miamala ya biashara. Kila pepa maksi 60 zatoka kwa mtihani wa kuandika, 20 orali, 20 kazi za projekti, na kupita ni 50. Sa fanya hesabu mwenyewe, ukicheza na orali na projekti umeingia kwenye chumba cha mtihani ushapoteza karibu nusu ya safari, na hizo 40 ndo rahisi kuzipata ukiwa na kundi zuri la kusoma nalo.

Mbona wakali wa chuo huanguka? Kwa sababu chuoni waulizwa sheria yasema nini na Karen waulizwa haya basi fanya. Watakupa hadithi ya ukurasa mzima, tuseme mama wa Changamwe kagongwa na matatu pale Magongo, ana risiti za hospitali, ana abstrakti ya polisi, kampuni ya bima ishaandikiwa barua na haikujibu, halafu waambiwa andaa plenti, ile hati ya kufungulia kesi. Mtu aliyepata daraja la kwanza aandika plenti tamu kweli kweli, uzembe wote wa dereva kautaja, fidia kaomba, kasaini, kafunga karatasi. Maksi zimempita hapo. Kanuni za kesi za madai za 2010, oda ya 3 kanuni ya 2, yataka hiyo plenti iende na afidaviti, yaani hati ya kiapo, ya kuithibitisha, orodha ya mashahidi, taarifa za mashahidi zilizosainiwa, na nakala za nyaraka utakazotegemea pamoja na ile barua ya kudai kabla ya kushtaki. Yule aliyezoea kufanya ile kazi hawezi kusahau, mkono wenyewe wamkumbusha. Yule aliyesoma usiku wa kuamkia mtihani akumbuka nadharia tu.

Mirathi ni vivyo hivyo. Hawakuulizi falsafa, wakwambia marehemu hakuacha wasia, andaa ombi. Hapo lazima ujue fomu ni P&A 80 na afidaviti yake ni P&A 5, na ukija kuthibitisha baadaye ile ruhusa ya kusimamia mali ni P&A 108. Na hapa mtu wa Mombasa ana faida, Sheria ya Urithi kifungu cha 2 chasema mali ya Muislamu aliyefariki hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu lakini taratibu za kusimamia mali zabaki zile zile za kwenye Sheria ya Urithi pale zisipopingana na sheria ya Kiislamu, na sisi haya mambo tumekua nayo majumbani, wenzetu wa bara ndo huyaona mageni.

kijana_wa_kisauni

Naomba kuuliza hapo hapo, kwani mtu akishapita hizo pepa tisa si ashakuwa wakili? Nina binamu yangu kapita na mpaka leo aambiwa hawezi kusimama kortini peke yake, twashangaa

WakiliWaNkrumahRd

Nimekuwa nikisoma kimya, acha nijibu huyu kijana na pia nimrudie binti yetu kwa lile la ami yake maana ndilo lililonitia wasiwasi zaidi ya yote.

Binamu yako kijana kapita mtihani lakini mtihani ni sehemu tu. Kuna pupileji ya miezi sita chini ya wakili aliyefikisha angalau miaka mitano kwenye kazi. Halafu huandikwa petisheni kwa Jaji Mkuu, na nakala zaenda CLE na LSK, yaani chama cha mawakili Kenya, na vyeti vya watu wanaoishuhudia tabia yako. Ikikubaliwa ndo waitwa Nairobi kuapa mbele ya Jaji Mkuu, saa hizi ni Martha Koome, wasaini kwenye orodha ya mawakili, na hapo sasa ndo wewe ni wakili wa Mahakama Kuu ya Kenya. Na bado hujamaliza! Ili ufanye kazi unahitaji leseni ya mwaka inayoombwa kupitia LSK, na hiyo leseni hufa tarehe 31 Desemba kila mwaka hata uwe umeichukua mwezi wa kumi, na kuipata tena lazima uwe na pointi zako tano za mafunzo ya mwaka huo. Mtu aweza kuwa kwenye orodha ya mawakili tangu zamani na mwaka huu hana leseni, huyo hana ruhusa ya kukuwakilisha. Na Sheria ya Mawakili kifungu cha 32 yataka miaka miwili ufanye kazi chini ya wengine kabla hujafungua ofisi yako mwenyewe, kwa hivyo asije mtu akakwambia leo aapa kesho atundika bao mlangoni.

Sasa binti yangu. Usimwandikie ami yako hayo makubaliano. Sikwambii haya kwa kukutisha, nakwambia kwa sababu nakutakia ufike. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili chakataza mtu asiyehitimu kuandaa hati za kuhamisha ardhi, moja kwa moja ama kwa mlango wa nyuma, na chakataza kupokea malipo kwa kazi hiyo. Kutoweka jina hakukusaidii kitu, sheria haikusema jina, imesema kuandaa. Na siku ukiandika petisheni yako kwa Jaji Mkuu watu watashuhudia kwamba wewe ni mtu wa tabia njema, wataka siku hiyo kuwe na mnunuzi mahali amekasirika na karatasi uliyoiandika? Ami yako ukimweleza hivi, kwamba karatasi yako yaweza kukufungia mlango ambao yeye mwenyewe ausubiri kwa hamu, ataelewa. Wazee wa huku huelewa mambo ya heshima kuliko mambo ya vifungu.

Hao majirani nao waweza kuwasaidia bila kuvunja sheria. Waeleze haki zao, waelekeze ofisi gani waende, wasomee barua waliyoandikiwa. Tena Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imewatambua maparalegali, wale wasaidizi wa kisheria wasio mawakili, na haya mashirika ya haki za binadamu hapa mjini huchukua vijana waliosomea sheria. Ile miezi ya kungoja Karen wafungue usikae bure.

Mama_Majengo

Samahanini mie si mwanasheria lakini haya mazungumzo yamenigusa mno. Nyumba yetu ni ile ya kwetu Mombasa wote mwaijua, nyumba yetu ardhi ya mtu, twalipa kodi ya ardhi tangu enzi za babu. Kukatokea kijana amevaa suti anajiita wakili, akatwambia atatutolea hati ya ile ardhi, akakusanya pesa nyumba hadi nyumba, na mwisho wa yote hakuna aliyejua hata ofisi yake iko wapi. Wamama wajane walitoa akiba zao pale. Sasa mie nauliza, mtu wa kawaida atamjuaje wakili wa kweli? Maana suti kila mtu anunua na hayo maneno ya kisheria huyo kijana aliyajua vizuri sana.

TumetokaKaren

Pole sana mama, hii inauma. Njia ipo na ni bure. LSK wana sehemu kwenye tovuti yao ya kutafuta wakili, waandika jina, yatokea kama yuko na kama leseni yake ya mwaka huu i hai. Mtu akikwambia ni wakili muulize jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni, halafu mwambie mjukuu akuangalilie kwa simu pale pale kabla hujafungua mkoba. Wakili wa kweli hachukii kuulizwa. Na risiti, mama, pesa ikitoka bila risiti yenye jina la ofisi hiyo si kazi ya wakili.

Kenya 2023 tuliona nchi nzima ikizungumzia mtu aliyeshtumiwa kujifanya wakili kwa kutumia akaunti ya wakili mwengine mwenye jina linalofanana na lake, kwa hivyo jina peke yake halitoshi, angalia na picha na ofisi.

kijana_wa_kisauni

Na je kama wakili ni wa kweli aliapishwa lakini leseni ya mwaka hana, na ashakuandikia hati yako, hiyo hati ndo imekufa? Si wewe mteja ndo waumia

WakiliWaNkrumahRd

Swali zuri sana. Zamani korti zilikuwa zikitupa hati kama hizo na wateja waliumia kweli. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya National Bank na Anaj Warehousing ikasema hati haiwi batili eti kwa sababu tu wakili aliyeiandaa hakuwa na leseni wakati huo. Aadhibiwe wakili, asiadhibiwe mteja. Mie naona ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini hiyo ilikuwa habari ya wakili aliyeapishwa, si ya yule kijana wa suti wa mama wa Majengo, msichanganye.

ustadh_oldtown

Mie nina mwanangu asomea sharia ya Kiislamu ng'ambo, nia yake awe kadhi inshallah. Yeye pia apite hiyo Karen?

WakiliWaNkrumahRd

Ustadh, katiba ibara ya 170 yataka kadhi awe Muislamu na awe na elimu ya sheria ya Kiislamu ambayo Tume ya Huduma za Mahakama itaona yatosha kumkalisha kwenye korti ya kadhi. Haijasema lazima awe wakili. Ila akitaka kusimamia wateja kwenye hizi korti nyengine, hapo njia ni ile ile ya binti yetu, na digrii ya nje lazima CLE waitambue kwanza. Akiwa na yote mawili, sharia na uwakili, hapa Mombasa hatakosa kazi.

Bi_Rehema_TSS

Naingia kwa la pupileji kwa sababu mie ndo naandika wanafunzi ofisini kwetu. Binti, Mombasa yawezekana kabisa, si lazima Nairobi. Masomo ndo ya Karen lakini ile miezi sita ya pupileji waweza kurudi nyumbani ukamuangalie mamako. Ofisi za mawakili zimejaa kuanzia Moi Avenue mpaka Nkrumah Road, Ambalal House peke yake waweza kupanda ngazi asubuhi ukashuka adhuhuri umetoa barua za kutosha. Ofisi ya mwendesha mashtaka wa umma pia huchukua wanafunzi, kama jinai yakuvutia kajaribu huko.

Nakuomba usichague ofisi kwa sababu ya ukubwa wa jina. Chagua kwa kuuliza wanafunzi waliotoka hapo walifanya nini. Kuna ofisi mtoto akaa miezi sita atumwa chai na kubeba mafaili mpaka amalize hajawahi kuona mteja akihojiwa, hilo mie laniudhi sana kwa sababu huyo mtoto aapishwa na kesho mtu amkabidhi nyumba yake. Ofisi nzuri wiki ya kwanza tu utapewa bando la nyaraka uzipange, uzitie namba kila ukurasa, uandike orodha ya yaliyomo, halafu ulipandishe kwenye mfumo wa korti wa mtandaoni, maana tangu 2024 korti zote nchini ni kufaili kwa mtandao. Utapelekwa korti ukae nyuma ya wakili uandike hakimu alisema nini na tarehe ipi. Utatumwa ofisi ya ardhi ufanye sachi, yaani uangalie rekodi zasema ardhi ni ya nani. Na Mombasa ina kitu Nairobi hawana, bandari, kwa hivyo kesi za meli na mizigo utaziona huku, mwanafunzi aliyeshika hata faili moja ya meli kizuizini ana kitu cha kusema siku ya intavyuu.

Malipo uliza mapema na uyaulize bila haya. Kuna ofisi zatoa nauli na chakula, kuna zatoa zaidi kidogo, kuna hazitoi kitu. Wewe una mama wa kumuangalia, usianze kazi ukitarajia kitu ambacho hakuna aliyekuahidi. Na kabla hujaanza hakikisha wakili atakayekusimamia amefikisha ile miaka mitano na leseni yake ya mwaka huu iko, kwa sababu ikija kugundulika baadaye hakuwa nayo, miezi yako ndo itakayohojiwa.

TumetokaKaren

Naongeza la pesa kwa sababu hakuuliza lakini litamfikia. Karo ya shule imeandikwa, waijua mapema wajipanga. Kinachowashika watu wa pwani ni maisha ya kule, nyumba ya kupanga Rongai ama Lang'ata, matatu ya kila siku, kuchapisha nyaraka za projekti, na baridi ya Karen mwezi wa saba ambayo yataka blanketi ambalo Likoni hujawahi kulihitaji. SGR daraja la kawaida ni 1,500 tangu bei ipande 2024, kwenda na kurudi kumuona mama ni 3,000, panga ni mara ngapi utaweza. Tafuta wenzako wawili watatu wa huku mkapange pamoja, mtasoma pamoja pia.

BintiWaLikoni

Wallahi nashukuru sana nyote, jana nimelala vizuri. Hiyo ya Kiswahili nimemsomea mamangu kwa sauti akafurahi mpaka akapigia dadake simu. Na ami nimemweleza kama alivyosema wakili wetu hapa, kwamba karatasi yangu yaweza kunifungia mlango, akanyamaza kidogo akasema basi niitie wakili wa kweli lakini na wewe uje ukae hapo usikize. Je naweza kwenda naye? Na kuna la kuangalia kabla hatujaenda?

WakiliWaNkrumahRd

Nenda naye, hakuna sheria inayokukataza kukaa na ami yako, na utajifunza zaidi ya utakavyojifunza kwenye kitabu. Aende na hati yake halisi, kitambulisho, namba ya KRA, na picha za pasipoti. Mwambie wakili afanye sachi rasmi ofisi ya ardhi kabla ya kuandika chochote, asitegemee ile ya zamani aliyoiweka kabatini. Kama hiyo ardhi bado ni ya kilimo kuna ruhusa ya bodi ya ardhi, na ombi la ruhusa lina muda wake wa miezi sita tangu makubaliano, likipita hapo yaleta kesi.

Jambo lingine, mkewe ami yako ajua kwamba ploti yauzwa? Siku ya kuhamisha hati huulizwa ridhaa yake, na nimeona mauzo mengi ya Mtwapa na Kikambala yakikwama hapo, mnunuzi ashalipa, mke ndo kwanza askia. Mzungumzie leo kabla hamjapanda ngazi za ofisi ya mtu.

BintiWaLikoni

Hajui. Nampigia ami sasa hivi.